Ngorongoro kwa siku moja: Tuhesabu magari, si vichwa

Na Mwandishi Wetu

SAA tatu asubuhi siku ya sikukuu, ukingo wa Kreta ya Ngorongoro mara nyingi huwa bado umezibwa na ukungu. Basi dogo lililoondoka Arusha kabla ya jua kuchomoza linaegeshwa penye kituo cha kuchungulia, abiria thelathini wanateremka wakiwa wamejikunyata ndani ya majaketi na mashuka, na kila mmoja anatafuta upenyo kwenye ukuta mfupi ili apige picha ya weupe mtupu. Wanasubiri. Ukungu ukipasuka, kwa dakika tano au kumi, chini kabisa hung'aa ziwa, na kando yake huonekana vidoa vyeusi ambavyo mwenye darubini atakwambia ni nyati. Nyuma ya migongo yao, msururu wa Land Cruiser unapita kuelekea Seneto, barabara ya kushukia. Baadhi zimebeba watu saba. Nyingine zimebeba wawili.

Basi haliruhusiwi kushuka. Kreta ni ya magari yenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, na kwa mteremko ule hakuna wa kuilaumu kanuni hiyo. Kwa hiyo wale thelathini wana njia mbili: wahamie kwenye magari madogo kwa gharama ya ziada, au wanywe chai ya chupa pale ukingoni, wazungushe macho, wageuze.

Picha hiyo inabeba mjadala mzima wa safari za basi za siku moja. Wapo wanaoziona kuwa utalii wa kukimbizana: watu wengi, muda mfupi, fedha kidogo, takataka nyingi. Kwao, Ngorongoro ni mahali pa kwenda kwa utulivu, ulale hotelini ukingoni, asubuhi ushuke na gari lako. Upande wa pili wapo waandaaji wa safari za vifurushi na wahamasishaji wa utalii wa ndani, ambao kwao basi ndilo linalomwezesha mwalimu wa Mbulu au mshonaji wa Kaloleni kuiona kreta anayoijua kwa kalenda ya ukutani. Makala haya yanaegemea upande wa pili, ila kwa sababu ambayo hata watetezi wake huitaja kwa nadra. Wanalitetea basi kwa kuwa ni nafuu kwa abiria. Ukiitazama hesabu vizuri, utaona kuwa ni nafuu zaidi kwa kreta yenyewe.

Bakuli lisilo na kona ya kujificha

Tuanze na mahali penyewe. Ngorongoro ulikuwa mlima wa volkano, na wapo wataalamu wanaokadiria kuwa ulikaribia kimo cha Kilimanjaro. Kati ya miaka milioni mbili na milioni tatu iliyopita, uji wa moto uliokuwa chini yake ulipotoka na kupungua, kilele kilikosa cha kukibeba, kikaporomoka kwa ndani. Lililobaki ni bakuli lenye kuta za mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260. Eneo zima la Hifadhi ya Ngorongoro, lililotengwa na Serengeti mwaka 1959, lina kilomita za mraba 8,292. Maana yake sakafu ya kreta ni kama asilimia tatu tu ya eneo, lakini ndiyo asilimia tatu ambayo karibu kila mgeni anayelipa langoni anaitaka. Oldupai, Ndutu, Empakaai na Olmoti hupata wageni wao, ila hakuna anayevuka bahari akiwa na Olmoti akilini.

Ndani ya bakuli hilo kuna Ziwa Magadi na heroe wake, msitu wa Lerai wenye migunga ya magome ya manjano, chemchemi ya Ngoitokitok yenye viboko, na nyasi zinazolisha wanyama wakubwa wapatao 25,000: nyumbu, pundamilia, nyati, swala, na wanaowawinda. Twiga hamna, kuta ni kali kwake na miti ya kumlisha ni michache. Tembo wanaoonekana huko chini karibu wote ni madume yaliyozeeka, kwani majike na watoto hupendelea misitu ya ukingoni. Unesco iliitambua Ngorongoro kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa sababu ya maumbile yake, na mwaka 2010 ikaongeza sababu ya utamaduni na historia ya mwanadamu.

Umbo hilo la bakuli ndilo linaloifanya Ngorongoro isilinganishwe na mbuga nyingine. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Magari mia moja yakiingia asubuhi, mchana yameshamezwa na upeo. Kreta haimezi kitu. Gari linalotimua vumbi upande wa Lerai linaonekana kutoka upande wa pili, na likisimama kwa sababu limeona faru, madereva wa magari mengine yote wanajua ndani ya dakika chache. Simba wa kreta wamelizoea gari kiasi kwamba jua likiwa kali huja kulala kwenye kivuli chake. Wageni hucheka na kupiga picha, na picha hizo huuza safari. Lakini mnyama wa porini anayeligeuza gari kuwa mti anatuambia jambo: magari yamekuwa mengi na ya kudumu hata yakahesabika kama sehemu ya mandhari.

Mzigo ni gurudumu

Hapa ndipo hoja inapokaa. Mtu aliyeketi ndani ya gari hakanyagi nyasi, hapigi honi, hachimbui barabara ya changarawe. Ndani ya kreta haruhusiwi kutoka garini isipokuwa kwenye sehemu chache zilizotengwa kwa kula na kujisaidia. Kinachotimua vumbi, kinachomzingira duma anayejaribu kuwinda mchana, kinachopasua njia mpya pembeni mvua inaponyesha, ni gari. Kwa hiyo mizani ya uharibifu haiko kwenye idadi ya watu walioshuka. Iko kwenye idadi ya magari yaliyowashusha.

Chukua watu 140 wanaotaka kushuka siku moja. Wakienda wawiliwawili, kama wanavyofanya wageni wengi walionunua safari binafsi, watahitaji magari 70. Wakijazana saba kwa kila Land Cruiser, magari 20. Wakipandishwa kwenye gari kubwa la wazi lenye viti 28, lililoundwa kwa njia mbaya na lenye nguvu ya magurudumu yote, yatatosha matano. Watu ni walewale, faru ni yuleyule, macho yameshiba sawasawa. Kilichopungua ni magari 65.

> Watu ni walewale, faru ni yuleyule. Kilichopungua ni magari 65.

Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro inaijua mantiki hii, na ushahidi uko kwenye viwango vyake vya ada. Kiingilio hutozwa kwa kichwa: kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki amekuwa akilipa dola 60 za Marekani, na raia wa Afrika Mashariki Sh10,000, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Lakini wageni wa nje wanapotaka kushuka kreta, ada ya huduma hiyo hutozwa kwa gari: dola 250 kwa mshuko mmoja, nayo kabla ya kodi. Aliyeipanga hivyo alielewa kuwa gari ndilo mzigo. Tatizo ni kwamba aliishia nusu ya njia. Dola 250 ni mwiba kwa kijana anayesafiri na begi mgongoni, hivyo anatafuta wenzake watano wa kugawana naye. Kwa wanandoa waliolipa maelfu ya dola kwa likizo ya siku kumi, ni tone ndani ya ndoo. Bei imewafanya wenye uwezo mdogo wabanane na kuwaacha wenye uwezo mkubwa waendelee kushuka wawili kwa gari moja. Kwa yule mshonaji wa Kaloleni imefanya jambo baya zaidi: haikumpa chombo chochote cha pamoja cha kushukia, ikamwacha ukingoni na chupa yake ya chai.

Na wageni wanaongezeka. Mwaka 2023 watalii wa kimataifa walioingia nchini walikuwa 1,808,205, na mwaka uliofuata walivuka milioni mbili. Filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa mwaka 2022 ilifanya kazi yake, tena kwa bidii. Julai 2025, picha za Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, zilisambaa zikionyesha watalii walioshuka magarini na kuwazibia nyumbu njia ya kuvuka mto. Hayo yalitokea kwenye mbuga iliyo pana mara nyingi kuliko kreta. Kamati ya Urithi wa Dunia imewahi kuutaja msongamano wa magari ndani ya kreta miongoni mwa mambo yanayoipa wasiwasi, na wakati huo wageni walikuwa wachache kuliko sasa.

Waliolianza jambo hili zamani

Atakayesema kwamba basi la pamoja linashusha hadhi ya kivutio atazame Alaska. Mwaka 1972, barabara kuu iliyounganisha mbuga ya Denali na miji mikubwa ilipokamilika, wasimamizi waliona kitakachokuja, wakafunga njia mapema. Barabara ya ndani ya mbuga ina urefu wa kilomita 148. Gari binafsi liliruhusiwa kufika kama kilomita 24 tu, na mbele ya hapo mgeni akapanda basi. Mpango wa mwaka 1986 ukaweka ukomo wa safari za magari 10,512 kwa msimu, na baadaye ukawekwa ukomo wa magari 160 kwa siku. Soma tarakimu hizo tena uone kilichohesabiwa. Hawakuweka ukomo wa watu. Waliweka ukomo wa magari, halafu wakajaza watu ndani yake.

Korongo la Zion, jimbo la Utah, lina sura inayokaribiana zaidi na kreta: kuta ndefu pande zote na njia moja ya kuingilia. Wageni walipofika milioni 2.4 kwa mwaka, korongo liligeuka foleni. Tangu mwaka 2000, katika msimu wa wageni, magari binafsi hubaki nje na watu huingizwa kwa mabasi. Grand Canyon nako mabasi ya ukingo wa kusini yalianza mwaka 1974, na barabara ya Hermit, yenye vituo vizuri vya kuchungulia, hufungwa kwa magari binafsi sehemu kubwa ya mwaka. Hakuna mahali kati ya hapo palipopoteza umaarufu. Zion leo inapokea wageni karibu mara mbili ya wale waliosababisha mabasi yaletwe.

Zipo tofauti, na si haki kuzificha. Zion watu huenda kutazama miamba, na mwamba hauhami. Kreta watu huenda kutazama wanyama, na mnyama hana ratiba. Basi la Zion linasimama vituoni, ilhali gari la kreta lazima liwe na uhuru wa kusubiri nusu saa mahali simba anaponyatia. Denali, hata hivyo, inajibu sehemu ya pingamizi hilo. Kule nako watu wanakwenda kutafuta dubu na mbwamwitu, mabasi husimama mnyama anapoonekana, na abiria hamsini wanaelewana kwamba kelele zitakifukuza kile walichokilipia.

“Mgeni hakuja kupanda daladala”

Pingamizi linalosikika zaidi Arusha ni hilo la daladala. Mgeni aliyelipa fedha nyingi, wanasema, anataka dirisha lake, paa lake la kuinua na dereva wake. Ni kweli kwa sehemu. Mpiga picha mwenye lenzi ya urefu wa mkono hawezi kufanya kazi akiwa amebanwa na familia yenye watoto watatu. Lakini jibu la hilo si kumpa kila mtu gari lake. Ni kuweka idadi ndogo ya nafasi za magari binafsi kwa siku na kuziuza kwa bei inayolingana na uzito wake. Anayetaka upweke ndani ya bakuli la kilomita za mraba 260 aulipie kama upweke, kwa sababu ndicho anachokinunua, na anakinunua kwa kuwapunguzia wengine nafasi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la ajira. Sekta ya utalii Arusha imejengwa juu ya dereva-muongozaji na gari lake. Magari yakipungua kutoka sabini hadi matano, madereva 65 watakula wapi? Hesabu hiyo inatisha ikichukuliwa kijuujuu, ila inadhani kwamba dereva huyo kazi yake yote ni kreta. Ukweli ni kwamba kreta ni siku moja katika safari inayopita Tarangire, Ziwa Manyara na Serengeti. Gari lake litaendelea kufanya kazi huko kote, na siku ya kreta likasubiri ukingoni. Na hata kwenye gari la pamoja, mgeni wake bado anahitaji mtu wa kumweleza. Atakayeathirika hasa ni mwenye kampuni anayepata faida ya ziada kwa kuuza kreta kama safari binafsi. Mtu huyo ana haki ya kusikilizwa. Haki ya kuamua peke yake hana.

Tatu, fedha. Msafiri wa siku moja, wanasema wenye hoteli, hali chakula cha jioni, halali, haachi kitu. Lakini aliyelala ukingoni ameacha nini? Ameacha fedha, naam, na ametumia maji yaliyopandishwa mlimani, kuni au dizeli ya kuyachemsha, na barabara ya lori lililoleta mboga zake. Kamati ya Urithi wa Dunia imekwisha kuonya dhidi ya kuongeza hoteli kwenye ukingo, na yeyote anayefahamu jinsi maji yanavyogombaniwa kule juu hashangai. Basi la siku moja lina tabia ambayo wenye hoteli wanaiita kasoro: fedha zake hubaki nje ya hifadhi. Abiria hununua ndizi nyekundu Mto wa Mbu wakati wa kwenda, hula Karatu wakati wa kurudi, na akina mama hawakosi kupakia gunia la vitunguu vya Mang'ola. Kwa mji wa Karatu, mabasi kumi yanayosimama saa kumi na moja jioni ni soko.

Takataka nazo zitajwe, maana hapo wakosoaji wana hoja kamili. Kupiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019 kumesaidia, lakini chupa za maji bado zipo. Pale Ngoitokitok, mahali pa kulia chakula, mwewe wamejifunza kumpokonya mtu kipande cha kuku kutoka mkononi, na hilo ni kosa la wanadamu waliowazoesha. Watu thelathini wenye masanduku ya chakula wana uwezo wa kuchafua zaidi kuliko wawili. Hata hivyo, ni rahisi kuwasimamia. Muongozaji mmoja, mfuko mmoja wa taka, hesabu ya chupa wakati wa kushuka na wakati wa kupanda: jambo hili linawezekana kwa gari moja, na ni vigumu kulisimamia kwa magari kumi na tano yenye madereva kumi na tano.

Rhotia haijasahaulika

Kuna pingamizi moja lisilojibiwa kwa hesabu za kreta, nalo ni barabara. Kutoka Arusha hadi lango la Lodoare ni kilomita 160 hivi, lami tupu, kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na kupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu. Ni barabara nzuri, na uzuri wake ndio hatari yake. Mei 6, 2017, basi dogo lililokuwa limewabeba wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Hawakuwa watalii, walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Lakini walikuwa juu ya barabara hiyohiyo, ndani ya chombo cha aina ileile, asubuhi ya mvua kama zile zinazokutana na safari nyingi za Pasaka.

Mtu anayelitetea basi hana budi kulijibu hili kwanza, na kulijibu kwa “madereva wawe makini” ni kutojibu. Hatari ya safari ya siku moja iko kwenye saa. Ratiba ya kweli inaonekana hivi: kuondoka Arusha saa kumi na moja alfajiri, Karatu saa mbili, langoni saa mbili na nusu, sakafuni mwa kreta saa nne, kupanda saa tisa alasiri, Karatu saa kumi na moja, Arusha saa mbili usiku. Ni saa kumi na tano. Chini ya utaratibu wa sasa, dereva wa Land Cruiser anayeuza safari ya siku moja yuko kwenye usukani karibu muda huo wote: anapanda mlima, anashuka kreta, anazunguka huku akitafuta faru kwa jicho moja na kueleza kwa mdomo, kisha anarudi gizani kupitia teremko la Mto wa Mbu. Utaratibu wa kubadili gari langoni unamwondolea dereva wa barabarani zaidi ya saa tano za usukani. Wageni wakiwa chini, yeye analala kwenye kiti cha nyuma. Ni sababu isiyo na mvuto wa kuandikwa kwenye tangazo, lakini huenda ndiyo kubwa kuliko zote.

Ili ifanye kazi, lazima safari iwe ya kitu kimoja. Vifurushi vinavyoahidi kreta, Oldupai, boma la Wamaasai na Ziwa Manyara kwa siku moja vinauza saa ambazo hazipo. Kanuni za kreta ziko wazi: kushuka ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na kila gari liwe limetoka saa kumi na mbili jioni. Anayeongeza kituo cha nne anaziiba dakika zake mahali fulani, na mahali hapo kwa kawaida ni kwenye mwendo wa kurudi.

Kisa cha Fausta kwa Kiswahili

Wapo wanaosema siku moja haitoshi kujifunza lolote. Inategemea nani anasema nini kwenye kipaza sauti. Saa tano ndani ya kreta ni nyingi kuliko muda ambao watu wengi hukaa jumba la makumbusho, na mtu mmoja mwenye ujuzi, asiyeshika usukani, anawafaa watu 28 kuliko madereva wanne wanaogawanya akili kati ya mashimo ya njia na majina ya ndege.

Kwa msafiri mzawa, jambo la kwanza ni lugha. Waongozaji wetu hufunzwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, siku hizi na Kichina, na wengi wao ni hodari. Muulize mmoja wao kwa Kiswahili tofauti ya swala tomi na swala granti, au ya nyumbu na kongoni, utaona anarudi kwenye jina la Kiingereza kama mtu anayerudi nyumbani. Mteja wake hajawahi kumdai Kiswahili, ndiyo sababu. Mabasi ya wazawa yakiwa ya kudumu, dai hilo litakuwepo, na kazi itafuata.

Visa vya kusimulia vipo tele, tena vyetu. Katikati ya miaka ya 1960 faru waliohesabiwa kreta walizidi mia moja. Ujangili uliwafikisha chini ya ishirini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanaoonekana leo ni matunda ya ulinzi wa miongo mitatu. Faru Fausta, aliyekufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57, aliishi kupitia kipindi hicho chote. Faru John alihamishwa kutoka hapa mwaka 2015, akafa mbali na kreta, na kifo chake kikamfanya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aagize uchunguzi mwishoni mwa mwaka 2016. Nchi nzima ikajadili faru mmoja kama ndugu aliyepotea. Na pale ukingoni, kando ya njia, kuna kaburi la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani wa miaka 24 aliyeanguka na ndege Januari 1959 wakati yeye na baba yake wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Abiria wengi hupita hapo wakidhani ni rundo la mawe.

Aliyehesabu ng'ombe ahesabu na magari

Limebaki la haki, ambalo haliwezi kuachwa nje ya makala yoyote kuhusu Ngorongoro. Wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi sakafuni mwa kreta waliondolewa mwaka 1974. Wakazi wa eneo zima la hifadhi walikuwa kama 8,000 lilipoanzishwa mwaka 1959 na wamezidi 90,000 katika miaka ya karibuni. Serikali ilisema watu na mifugo wamepita uwezo wa ardhi, na kuanzia Juni 2022 kaya zikaanza kuhamia Msomera, Handeni. Serikali inasema zimehama kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wanalikataa neno hilo. Mzozo huo haumaliziki kwenye ukurasa huu.

Lakini msingi wa hoja ya serikali ni hesabu: kwamba ardhi ina kiwango inachoweza kubeba, na kinachozidi kiondolewe. Ukikubali msingi huo kwa ng'ombe, huwezi kuukataa kwa magari. Mfugaji aliyeambiwa kwamba kwato zinachakaza majani anayaona magurudumu yakishuka Seneto kila asubuhi, na ana haki ya kuuliza uwezo wa kubeba magurudumu ni kiasi gani, na nani aliupima. Hadi jibu litakapotolewa hadharani, kila takwimu ya mifugo itaonekana kwake kama rungu.

Basi la wazawa, kwa hiyo, lisitazamwe kama fadhila ya sikukuu. Liwe sehemu ya mpango mmoja: mabasi hadi Lodoare, magari ya pamoja yenye leseni na waongozaji waliosomea hadi sakafuni, nafasi chache za binafsi kwa bei inayouma, na ukomo wa magari kwa siku unaojulikana na wote. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya. Mamlaka tayari inatoza ada kwa kila gari la wageni linaloshuka, inayo malango, inayo askari kwenye njia za kushuka na kupanda.

Hata namba yenyewe haihitaji mtafiti. Kila gari linaloshuka limekatiwa stakabadhi, kwa hiyo jioni ya kila siku idadi yake ipo kwenye vitabu. Mamlaka iibandike pale Lodoare, kando ya ubao wa viwango vya ada, kabla ya Pasaka ijayo.